Vuli inatukimbia Pemba? Jibu kwa mkulima wa Mtambwe

"Assalamu alaykum. Mimi ni mkulima wa Mtambwe, Pemba. Nina eka tatu nilizorithi kwa baba. Juu kuna mikarafuu, chini nina konde la mahindi, kunde na muhogo. Miaka mitatu mfululizo nilipanda mahindi ya vuli yakakauka yakiwa yananifika magotini. Halafu ukaja mwaka mvua ikanyesha mpaka karafuu zikaniozea majamvini. Mama yangu anasema zamani Ramadhani ilikuwa ya mvua, sasa ni ya jua tupu. Marehemu babu alikuwa akihesabu makumi, yaani siku kumi kumi, kutoka siku ya mwaka, na hesabu yake siku hizi haikubali: vuli inachelewa zaidi ya kumi zima. Mwanangu yuko Cape Town, ananiambia huko mvua za wakati wa baridi zimepungua na dunia nzima ndivyo ilivyo. Nataka kujua, vuli inakufa? Niache kabisa kulima vuli, ningoje masika tu? Na kisima changu kimeanza kuonja chumvi. Ni mambo hayo hayo?"

Wa alaykum salaam, dada yangu. Umeuliza mengi kwa pamoja, nami naanza na lile ambalo ukilikosea litakugharimu chakula cha nyumbani: uache vuli ungoje masika? Usiache. Sababu yake inapingana na ulichokiona kwa macho yako, kwa hiyo nakuomba unisikilize hadi mwisho. Katika misimu yetu miwili ya mvua, uliopungua katika miongo ya karibuni ni masika. Vuli, ukiipima kwa miaka mingi katika Afrika Mashariki kwa jumla, haikupungua. Imeelekea hata kuongezeka kidogo. Kilichokuumiza ni kwamba vuli haijui kati na kati. Mwaka huu inakunyima, mwakani inakuzamisha.

Sisemi kwamba uliona vibaya. Hukutaja miaka, lakini mfuatano huo wa ukavu mara tatu kisha gharika nimeusikia kwa wakulima wengi, na nakisia unazungumzia 2020, 2021 na 2022, halafu 2023. Katika ile mitatu ya mwanzo maji ya Bahari ya Pasifiki katika ukanda wa ikweta yalikuwa yamepoa karibu bila kupumzika, hali inayoitwa La Niña. Somalia, kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya zikakosa misimu mitano ya mvua mfululizo, watu wakapoteza mifugo na makazi. Sisi tuko kusini ya balaa lile, lakini msimu wetu wa vuli unatoka kwenye chungu kimoja na wao. Mwaka 2023 mambo yakapinduka, El Niño, kinyume cha La Niña, ikaingia na bahari ya upande wetu ikapata joto, na yaliyokupata wewe na majamvi yako unayajua. Ulichokiona kilikuwa kweli kabisa. Ila miaka minne haitoshi kuuhukumu msimu.

Nikueleze vuli inatoka wapi, kwa sababu ukishaijua asili yake, nusu ya maamuzi yako yatakuwa mepesi.

Wavuvi wa kwenu wanakijua kipande cha kwanza cha kisa hiki kuliko mimi. Kusi huvuma tangu mwezi wa Mei hadi Septemba. Kaskazi huingia Disemba. Katikati ni tanga mbili, pepo hazina mwenyewe. Sasa ongeza jua. Tarehe 22 au 23 Septemba jua huwa sawasawa juu ya ikweta, likielekea kusini, na wiki kadhaa nyuma yake hufuata ukanda ambamo pepo za kaskazini na za kusini hukutana. Zikikutana hazina pa kwenda ila juu. Hewa iliyobeba unyevu wa bahari hupanda, hupoa, na ule unyevu hushuka kama mvua. Ukanda huo hutupitia mara mbili kila mwaka: Machi hadi Mei ukipanda kaskazini, hiyo ndiyo masika, Oktoba hadi Disemba ukirudi kusini, hiyo ndiyo vuli. Jumla ya mwaka mzima Pemba hupata kiasi cha milimita 1,900, na Unguja kiasi cha 1,600.

Kipande cha pili hakionekani kutoka Mtambwe, na ndicho kinachoamua. Kwa kawaida maji ya Bahari ya Hindi upande wa Indonesia huwa na joto kuliko ya upande wetu. Hewa hupanda kule, husafiri juu, kisha hushuka huku kwetu, na hewa inayoshuka huua mawingu. Ndiyo maana vuli ya kawaida ni ndogo kuliko masika. Lakini iko miaka ambayo mizani hii ya bahari hugeuka: maji ya kwetu hupata joto, ya Indonesia hupoa, hewa inaanza kupanda juu ya vichwa vyetu, na vuli inafurika. Wanasayansi waliielezea rasmi mwaka 1999 na kuiita dipoli ya Bahari ya Hindi. Mimi nitaendelea kuiita mizani, kwa sababu ndivyo inavyofanya kazi.

Mwaka 1961 mizani ilielemea kwetu, na Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita 2 katika miaka michache iliyofuata. Mwaka 1997 ilielemea tena, ikiwa pamoja na El Niño kubwa, na wenye umri wetu tunaikumbuka: skuli zilizozungukwa na maji, barabara zilizokatika. Mwaka 2019 ilielemea kwa nguvu ambazo vipimo vya kisasa vimeziona mara chache sana. Na upande wa pili wako 1998, 2010 na 2016, mizani ikiwa imeelemea Indonesia au Pasifiki ikiwa imepoa, au yote mawili kwa pamoja, na vuli ikatoka mikono mitupu.

Kwa hiyo wastani wa vuli ni namba ambayo vuli yenyewe huifikia kwa nadra. Na hapa ndipo watu wengi wanapopotoshana bila kukusudia. Mtu akianza kuhesabu kutoka 1997, kila mwaka unaofuata utaonekana mdogo na atakuapia kwamba vuli inaisha. Mwenzake akianza mwaka mmoja tu baadaye, 1998, ataona vuli inanenepa. Vipimo ni vile vile. Ukisikia mtu anasema mvua imepungua au imeongezeka, muulize kwanza: tangu lini? Kwa sababu hiyo hiyo wenye kazi hii hulinganisha na wastani wa miaka 30, na unaotumika sasa ni wa 1991 hadi 2020.

Sasa hesabu ya babu yako. Nimeisoma sehemu hiyo ya barua mara mbili kwa furaha, kwa sababu ndani yake kuna ushahidi mzuri, ila si ushahidi wa jambo mnalolidhania.

Mwaka wa nairuzi, ule mwaka wa jua wa wazee ambao Makunduchi kule Unguja huukoga kila Julai, una siku 365 basi. Hauna siku ya kuongeza kila baada ya miaka minne. Jua nalo huchukua siku 365 na takriban robo kurudi pale pale. Ile robo inayoachwa kila mwaka inakusanyika: siku moja kwa miaka minne, siku 24 kwa karne. Maana yake siku ya mwaka inarudi nyuma polepole. Miaka mia iliyopita iliangukia Agosti, sasa iko Julai. Kama babu yako alifundishwa makumi yake na mzee wake miaka 70 iliyopita, siku ya mwaka imekwisha kurudi nyuma kiasi cha siku 17 tangu wakati huo. Mvua haiijui nairuzi, inalifuata jua. Ukihesabu makumi yale yale kutoka siku iliyorudi nyuma, lazima vuli ionekane imechelewa kwa kumi moja na nusu hivi. Umeniandikia "zaidi ya kumi zima." Tazama zinavyokaribiana!

Sitaki uitupe elimu ya babu kwa sababu hiyo. Wazee walioweza kuendesha majahazi na makonde kwa hesabu ya vidole walikuwa watu wa vipimo kuliko wengi wetu. Irekebishe tu: ongeza siku 17 juu ya hesabu yake, kisha uone inavyokaa. Na kama babu aliacha maneno mengine, dalili za miti, za nyuki, za upepo wa alfajiri, yaandike, kwani dalili hizo hufuata hewa yenyewe wala hazitegemei kalenda.

Kwa mama yako jibu ni hilo hilo, ila kwa upande wa mwezi. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka na kuzunguka misimu yote kwa takriban miaka 33. Kati ya 2001 na 2005 Ramadhani iliangukia kati ya Oktoba na Disemba, ndani ya vuli. Kabla ya hapo ilikuwa hivyo mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Pengine ndizo Ramadhani za usichana wake. Baada ya hapo mwezi ukarudi hadi kwenye kusi, ukapita masika, na sasa uko kwenye joto la kaskazi. Mwambie mama kwamba kumbukumbu yake ni sahihi. Mvua ilibaki mahali pake, mwezi ndio uliosogea, na utairudia vuli tena.

Mwanao naye hakukosea kuhusu Cape Town. Kule mvua huja wakati wa baridi, Juni hadi Agosti, zikiletwa na pepo za magharibi zinazopita kusini kabisa mwa dunia. Pepo hizo zina mwelekeo wa kusogea kuelekea ncha ya kusini, na sehemu zilizokuwa zikiguswa na ncha za mawingu yake zinazidi kurukwa. Kusini magharibi mwa Australia mvua za Aprili hadi Oktoba zimepungua kiasi cha asilimia 15 tangu 1970. Cape Town yenyewe ilipata miaka mitatu mikavu, 2015 hadi 2017, ikakaribia kufunga mabomba ya mji mzima mwaka 2018. Lakini mvua zile na za kwetu hazina uhusiano wa damu. Mvua ya Cape Town inatoka upande wa pepo za baridi, ya Pemba inatoka kwenye makutano ya pepo za joto karibu na ikweta. Kipupwe chetu, Juni hadi Agosti, kina mchoo tu, vile vimvua vya kusi, navyo havibebi kilimo cha mtu. Kwa hiyo msiyachukue ya Cape Town mkayapanda Mtambwe. Kinachofanana ni chanzo cha mbali, joto la dunia, lakini kila pwani inalipokea kwa namna yake.

Kwetu linaingia hivi. Dunia imepata joto la nyuzi 1.1 ukilinganisha muongo wa 2011 hadi 2020 na nusu ya pili ya karne ya 19, na Bahari ya Hindi ni miongoni mwa bahari za joto zinazopata moto upesi zaidi. Kila nyuzi moja ya joto, hewa inaweza kubeba unyevu zaidi kwa asilimia 7 hivi. Hewa hiyo inachelewa kuutua mzigo wake, na ikiutua, inaumwaga. Mvua ileile ya mwezi inaweza kuja kwa siku chache, na siku zinazobaki zikawa kavu. Kwa mahindi yako hilo ni sawa na ukame, hata kama mwisho wa mwezi jumla ya milimita imetimia. Kwa miaka ijayo, sehemu kubwa ya makadirio inaonyesha vuli yenye mvua zaidi Afrika Mashariki na mizani inayogeuka kwa nguvu mara nyingi zaidi. Jiandae kwa mitupo mikubwa zaidi kuliko ile aliyoizoea baba yako.

Masika ndiyo yenye kuniweka macho usiku. Tangu miaka ya 1980 ilikuwa ikipungua, na uchunguzi umeonyesha kwamba haikupoteza sana nguvu ya kila siku ya mvua, imepoteza siku: inaanza kwa kuchelewa na inafunga mapema. Imekuwapo miaka ya kujitokeza tena, kama 2018, 2020 na 2024. Makadirio ya kompyuta yanasema itaongezeka, ilhali vipimo vya ardhini kwa miongo kadhaa vimesema imepungua, na mvutano huo wataalamu hawajaumaliza. Ndiyo maana nimekwambia usiegemee masika peke yake. Usiache mbachao kwa msala upitao, na katika hili masika ya siku hizi ndiyo msala.

Masika pia inaingia kwenye swali lako la kisima. Chini ya kisiwa, maji matamu hayakai juu ya mwamba mkavu. Yanaelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kiasi cha mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Hesabu hiyo ni nzuri ukiwa nayo na mbaya ukiipoteza: usawa wa maji ukishuka nusu mita tu, mpaka wa chumvi unaweza kupanda kama mita 20. Kinachojaza hazina hiyo zaidi ni mvua ndefu za masika. Kinachoimaliza ni pampu. Kwa hiyo jibu langu ni nusu ndiyo. Masika fupi zinaweza kuwa na mkono hapo, lakini kabla ya kuilaumu mbingu uliza kama kuna aliyechimba kisima kirefu karibu nawe au aliyefunga pampu kubwa mwaka huu au jana. Mara nyingi jibu liko kwa jirani.

Tuje kwenye konde. Nitakupa maoni yangu waziwazi, nawe utayapima kwa nguvu za mikono uliyonayo.

Muhogo uwe uti wa mgongo wa chini ya mikarafuu. Ukishashika, unavumilia majuma ya ukavu ambayo yangeua mahindi mara mbili. Kunde na choroko ndizo za vuli hasa, kwa sababu mbegu za muda mfupi hukomaa kwa siku 60 hadi 75 na zinaweza kupenya katikati ya mvua chache. Mahindi ndiyo yanayokuvunja moyo, na sikulaumu kuyapenda, lakini yana siku mbaya: yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele na ndevu, hata mvua nzuri ya baadaye hairudishi punje. Yapande sehemu ya bondeni inayoshika unyevu, mbegu ya muda mfupi, na katika miaka ambayo utabiri umeelemea mvua. Miaka mingine mpe kunde nafasi hiyo.

Usipande kwa mvua ya kwanza. Kigezo kinachotumika sana ni milimita 20 au zaidi ndani ya siku tatu, kisha katika wiki tatu au nne zinazofuata pasitokee ukavu wa siku kumi mfululizo. Sehemu ya pili huwezi kuijua siku ya kupanda, kwa hiyo fanya hivi: pasua konde mafungu mawili au matatu, uyapande kwa kupishana siku kumi kumi. Nikwambie ukweli wake, njia hii ina gharama. Kazi inaongezeka, na mwaka mzuri fungu la mwisho litazaa kidogo kuliko kama ungepanda yote mapema. Unalipa hiyo ili usipoteze konde zima kwa siku moja. Kwa nyumba isiyo na akiba kubwa, mimi ningelipa.

Utabiri nao usomwe unavyotakiwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa vuli kila mwaka, kwa kawaida kabla msimu haujaanza, karibu na mwisho wa Agosti. Vuli inatabirika vizuri kuliko masika, kwa sababu kufikia Agosti ile mizani ya bahari huwa imeshaanza kujionyesha, na bahari haigeuki kwa siku moja. Lakini ukisikia "chini ya wastani" usisikie "hakuna mvua". Miaka yote hugawanywa mafungu matatu sawa, kavu, ya kati na ya mvua nyingi, na kila moja lina nafasi ya asilimia 33. Utabiri ukisema fungu kavu lina asilimia 45, maana yake mzani umeelemea huko, na bado kuna asilimia 55 za kuwa vinginevyo. Tumia kuamua kiasi: mahindi mengi au machache, mbegu ya kununua leo au ya kungoja. Baada ya hapo fuata taarifa za siku kumi na zile za siku tano. Na tahadhari ya mvua kubwa ikitoka wakati karafuu ziko majamvini, iamini.

Kuhusu karafuu sina uwezo wa kukupa jua. Lakini tazama jambo moja katika shamba lako: mwaka wa mvua kunde zako hustawi na karafuu hulowa, mwaka mkavu kunde hunyauka na karafuu hukauka safi kwa siku chache. Vitu viwili katika eka tatu vinataka mbingu mbili tofauti. Huo ni urithi mzuri, usiubomoe kwa kung'oa upande mmoja baada ya mwaka mbaya. Mwaka ambao utabiri umeelemea mvua, chuma kwa kiasi ambacho majamvi yako yanaweza kubeba kwa siku hiyo, hata kama wachumaji wapo na mti umejaa. Turubai liwe karibu, lakini lisikae juu ya karafuu muda mrefu jua likiwa kali, kwani zitatoa jasho, zitafukuta na kubadilika rangi. Mvua ikishika siku nzima, zitandaze ndani kwa tabaka jembamba, madirisha wazi, uzigeuze mara kwa mara. Lundo ndilo linaloozesha.

Kumwagilia kwa kisima kinachoonja chumvi sikushauri. Chumvi haitoki na jua. Maji hupanda hewani, yenyewe inabaki kwenye udongo, na mazao mengi huumia nayo. Afadhali uligeukie bati la nyumba yako. Mvua ya milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Paa la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 20, zinashuka lita 800, na hata ukipoteza humusi moja unabaki na 640. Hazitoshi konde, lakini zinatosha kitalu cha miche na maji ya kupikia, na kisima kikapumzika.

Nina ombi moja ambalo halina gharama. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo na kitako vikiwa na upana mmoja. Liweke mahali pa wazi, mbali na mnazi na nyumba kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kitu hicho. Kila siku saa 3 asubuhi ingiza rula, andika milimita na tarehe, mwaga. Siku isiyo na mvua andika sufuri, kwani sufuri nazo ni khabari. Mvua ya Pemba haigawanywi kwa usawa; iliyopimwa Karume, uwanja wa ndege wa Pemba, huenda siyo iliyonyesha kwenye konde lako siku hiyo. Mimi naweka daftari la namna hii nyumbani kwangu, na limenisahihisha mara nyingi nilipokuwa nimeamini kumbukumbu yangu.

Yako mambo ambayo siwezi kuyaamua kwa barua. Kisima kipimwe: chukua chupa safi, isuuze mara tatu kwa maji yale yale, ijaze, uipeleke kwa Mamlaka ya Maji uulize kipimo cha chumvi, kisha urudie mwisho wa masika ijayo ili uone kinapanda au kinashuka. Kuchemsha maji hakuondoi chumvi. Kama mama yako au mwingine nyumbani ana presha, asingoje majibu hayo. Amwambie daktari wake kwamba maji ya nyumbani yameingia chumvi, na atumie maji mengine kwa kunywa. Mbegu ya muda mfupi inayofaa udongo wa Mtambwe mwulize bwana shamba wa wilaya afike kondeni aone bonde lako kwa macho, na mikarafuu ikianza kukauka matawi kutoka juu, huenda hiyo si mvua bali ni maradhi, mwite upesi. Na ukiwa na daftari la mvua la vuli mbili au tatu, nakuomba uniandikie tena, tuliweke kando ya vipimo vya Karume tuone Mtambwe inasemaje.